"Maji Yamesimama": Kisa cha Wazamiaji wa Kigoma Katika Mlango wa Kinasi

Kwa nini nakiandika

Wazamiaji wanne kutoka Kigoma walizamia katika mlango wa bahari wenye mkondo mkali kisiwani Mafia, wakaibukia upande ambao mashua yao haikuwepo. Wawili walielea dakika 29 kabla ya kuonekana, wawili wengine dakika 58, na jua lilikuwa linazama. Wote walirudi wazima.

Mimi sikuzamia siku ile. Nilikuwa juu ya mashua na daftari la muda mkononi. Baadhi ya makosa yaliyomo humu ni yangu, na nimeyaandika yalivyo. Wenzangu wamesomewa maelezo haya, wakaridhia. Majina, mwaka na kituo tulichokodi vifaa nimeviacha. Nitawaita Kiongozi, Dada, Fundi na Kijana. Nahodha atabaki Nahodha.

Tulikotoka

Sisi ni watu wa ziwa. Kazi zetu ni kukagua mabomba ya kuvutia maji, kutafuta injini zilizodondoka, kunasua nyavu, na wawili kati yetu wamewahi kukamata samaki wa mapambo. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa, na hata karibu na ufukwe jabali linaweza kushuka ghafla hadi usione mwisho wake. Kwa hiyo kina tunakiheshimu. Upepo nao tunauheshimu, hasa ule wa kusini wa kiangazi unaoinua mawimbi mpaka mitumbwi inabaki mchangani.

Kitu ambacho ziwa halikutufundisha ni saa. Ukizama Katonga, huko kwetu Kigoma, saa 3 asubuhi au saa 8 mchana, maji ni yale yale. Hayaji, hayaondoki. Yakiwa yametulia, mzamiaji wa Kigoma anafurahi, na ana haki ya kufurahi, maana hiyo ndiyo hali nzuri kuliko zote anazozijua.

Mwezi tunaujua, ila kwa sababu nyingine. Wavuvi wa dagaa wa kwetu hupumzisha vyombo siku za mbalamwezi, kwa kuwa taa haivuti dagaa mbele ya mwanga wa mwezi. Usiku wa kuamkia siku ya kisa hiki tulikaa nje kijijini Utende, Mafia, mwezi ukiwa umetoka kutimia. Fundi akautazama akasema, "Leo Kibirizi hakuna dagaa." Tukacheka, tukakumbuka nyumbani. Hakuna aliyesema kwamba mwezi ule ule ndio unaoleta bamvua, zile siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida.

Mlango wenyewe

Tulikuwa tumesafiri kwa treni kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam, kisha Nyamisati, kisha boti hadi Kilindoni, kwa lengo la kujifunza kuzamia baharini kwa siku 6. Kiongozi ni mwalimu wa kuzamia mwenye miaka mingi, lakini karibu yote ya ziwani.

Ghuba ya Chole imezingirwa na kisiwa kikuu cha Mafia pamoja na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo. Mlango wa Kinasi unaifungua kwenye Bahari ya Hindi. Maji ya ghuba nzima yanapojaa na kupwa hubanana kupita kwenye milango michache ya namna hiyo, na hapo ndipo mkondo unapopata nguvu. Eneo lote limo katika Hifadhi ya Bahari ya Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina hiyo Tanzania, na kuta za miamba zina chewa wakubwa, kasa, taa na makundi ya kolekole. Chakula huletwa na mkondo, na samaki hufuata chakula.

Wenyeji huzamia pale maji yakijaa. Unashukia upande wa nje, mkondo unakubeba taratibu kando ya mwamba, unakuingiza ghubani kwenye maji tulivu, mashua inakuokota. Hupigi mapezi kwa nguvu, unachukuliwa tu. Maji yakianza kutoka, mlango ule ule unakutema kwenye bahari kuu.

Bahari ya kwetu hujaa mara 2 kwa siku, kati ya kujaa na kujaa ni kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kesho yake maji hujaa dakika 50 hivi baadaye kuliko leo. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo na siku chache baada yake, maji hupanda sana na kushuka sana. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo na mkondo ni mpole. Siku yetu ilikuwa ya pili baada ya mwezi mpevu. Jedwali lilionyesha tofauti ya mita 3.6 kati ya kupwa na kujaa, na maji kujaa saa 10:50 jioni.

Siku ilivyokwenda

Mwongozaji mwenyeji alipaswa kuzamia nasi. Asubuhi alikuwa ameziba sikio kwa mafua, akakataa kuzama, na alifanya vyema. Akatupangia safari: tuondoke ufukweni saa 8:30 mchana, tuingie majini saa 9:15, tuzamie dakika 45, saa 10 kamili tuwe tumetoka. Akatuchorea ramani mchangani kwa kijiti. Nilinakili saa zote kwenye daftari. Sababu ya saa hizo sikuinakili, kwa kuwa alipoieleza ilionekana dhahiri.

Saa 8 mchana mkanda wa kompresa, mashine ya kujaza hewa mitungini, ulikatika, mitungi miwili ikiwa haijajazwa. Fundi wetu na fundi wao walihangaika nao, wakapata mkanda mwingine, mitungi ikajaa. Tuliondoka saa 9:50. Mwongozaji alikuwa ameshakwenda zahanati. Tukafika mlangoni saa 10:25.

Nahodha alizima injini, akakaa kimya kidogo. Kulikuwa na boya la dema, ule mtego wa samaki wa wavuvi, dumu dogo la njano lililofungwa kamba. Lilikuwa limesimama wima, kamba yake ikining'inia chini bila kuvutwa upande wowote. Akalitazama, kisha akamgeukia Kiongozi.

"Mwalimu, maji yamesimama."

"Alhamdulillah," Kiongozi akajibu. "Basi tuingie."

Nahodha hakusema kitu tena. Waliingia saa 10:38. Maji yalikuwa yamebakiza dakika 12 kujaa. Mpango ulikuwa umewataka waingie yakiwa yamebakiza dakika 95.

Chini, kwa maelezo yao wote wanne, kulikuwa na utulivu wa ajabu. Walishuka hadi mita 22. Hawakuchukuliwa na chochote, wakawa wanaogelea kwa raha zao kando ya ukuta. Kiongozi alifurahi kwa sababu Kijana, ambaye ndiye mgeni zaidi, alikuwa ametulia.

Dada ndiye aliyeona. Aliniambia baadaye kwamba walipofika kwenye ufa mmoja wa mwamba kulikuwa na kundi la samaki wadogo, wote vichwa vimeelekea baharini. Samaki hugeukia mkondo unakotoka ili chakula kiwafikie na wasisukumwe. Dakika kumi na kitu baadaye akawatazama tena. Walikuwa wametawanyika, hawana upande. Kisha, akiwa anawatazama, wakaanza kugeuka mmoja mmoja, mpaka wote wakaelekea ghubani. Alimwonyesha Kiongozi kwa kidole. Kiongozi alidhani anaonyeshwa samaki wazuri, akajibu kwa ishara ya "sawa".

Saa 11:02 matumbawe laini yalikuwa yamelala kuelekea nje. Saa 11:12 walianza kupanda. Hapo tatizo la pili likajitokeza: Kijana, mtungi wake ukiwa umebaki na hewa kidogo, alikuwa mwepesi. Alishindwa kukaa mita 5, ambapo mzamiaji hutulia kidogo kwa usalama kabla ya kuibuka, akaibuka saa 11:16. Fundi, mwenzake wa kuzamia, akamfuata kama walivyokubaliana. Kiongozi na Dada walimaliza dakika 3 za usalama kwenye mita 5, wakaibuka saa 11:21 na boya la kupuliza, lile refu la rangi ya machungwa. Lilikuwa moja tu kwa watu 4. Kati ya jozi na jozi kulikuwa na kama mita 200 na mawimbi mafupi yaliyosimama, maana maji yanayotoka yalikuwa yanapambana na mawimbi yanayokuja.

Sisi tulikuwa ghubani, karibu mita 600 ndani ya mlango, tukiwasubiri waje. Wao walikuwa nje, wakitazama magharibi ambako jua lilikuwa usawa wa macho yao.

Maamuzi kwenye mashua

Saa 11:20 Nahodha alisema, "Hawako huku." Akanionyesha boya jingine la dema. Lilikuwa limelala ubavu, nusu limezama, kamba imenyooka kuelekea mlangoni, na maji yanachemka nyuma yake kama yanavyochemka nyuma ya nguzo ya gati.

Nikamwambia, "Nahodha, tuliwaahidi watatukuta hapa. Tukiondoka wakaibuka, watakosa chombo." Neno "tuliwaahidi" lilikuwa na uzito kwangu. Kigoma nimefundisha watu wengi kwamba mashua haiondoki mahali ilipokubaliwa, na ziwani kanuni hiyo imeokoa watu. Nahodha alinipa heshima ya mgeni, akasubiri. Dakika 13 zilipita. Saa 11:33 aliwasha injini bila kuniuliza tena, na nikashukuru.

Kiongozi na Dada tuliwapata saa 11:50, karibu kilomita moja nje ya mlango. Bila lile boya tusingewaona. Nilimwona Dada akilishikilia wima kwa mikono miwili, na wimbi likija anapotea yeye, linabaki boya.

Kutoka hapo, busara yote ilikuwa ya Nahodha. Mimi nilitaka tuzunguke kwa kasi. Yeye alikwenda taratibu upande ambao Kiongozi alionyesha, akafika alipotaka, akazima injini kabisa. "Maji yaliyowachukua wao yatatuchukua na sisi," alisema. "Nyamazeni, tusikilize." Tukaelea. Kila dakika chache aliwasha, akasogea kidogo, akazima tena. Saa 12:10 tulisikia filimbi, dhaifu, ikakatika. Akageuza uso kama mtu anayetafuta upepo. Saa 12:14 tukaona mwanga wa tochi ndogo, ile Kijana aliyoinunua kuchungulia mapango ya mwamba.

Matokeo

Hakuna aliyeumia. Kijana alikuwa amemeza maji ya chumvi, akatapika njia nzima, na misuli ya mguu ilimkaza. Fundi alikuwa ameangusha mkanda wake wa risasi, ile metali nzito inayomsaidia mzamiaji kuzama, na kumlazimisha Kijana aangushe wake, wakajaza hewa jaketi zao za kuelea, wakafungana kwa kamba ya tochi. Walikuwa kama kilomita 2 nje. Kesho yake hatukuzamia. Siku iliyofuata, mwongozaji akiwa amepona, watatu walirudi Kinasi kwa saa sahihi na ghuba ikawapokea kama ilivyochorwa mchangani. Kijana alibaki ufukweni.

Uchambuzi

Watu wakisikia kisa hiki husema kosa ni mkanda wa kompresa. Sikubaliani. Mitambo huharibika. Kilichoharibika kwetu ni maana ya kuchelewa. Kwenye ziwa, ukichelewa dakika 83 unazamia kitu kile kile dakika 83 baadaye. Kwenye mlango wa bahari, ukichelewa dakika 83 unazamia mahali pengine, ingawa miamba ni ile ile. Mpango wa mwongozaji ulikuwa na mambo mawili, saa ya kuingia na muda wa kukaa chini. Sisi tulilinda la pili, dakika 45, tukaliacha la kwanza lichukuliwe na kompresa. Na nilikuwa na daftari! Saa 9:15 imeandikwa mstari wa tatu, saa 10:38 mstari wa saba, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Sikutoa moja kwenye nyingine.

Hesabu ya mabaharia ingetusaidia. Chukua tofauti ya kujaa na kupwa, igawe mara 12. Saa ya kwanza maji hushuka sehemu 1, ya pili sehemu 2, ya tatu na ya nne sehemu 3 kila moja, kisha 2, kisha 1. Kwa mita 3.6 za siku ile, sehemu moja ni sentimita 30. Saa ya kwanza baada ya saa 10:50 ilitoa sentimita 30 za ghuba nzima kupitia milango ile, na ya pili ingetoa 60. Ndiyo maana utulivu uliwadanganya: hata mwanzo wa kutoka ni mpole. Wangekuwa bado chini saa 12, sijui ningeandika nini hapa. Siku ya maji mafu, kuchelewa kule kule kungewasogeza nje kidogo, na tusingekuwa na kisa.

Sasa yale maneno mawili. "Maji yamesimama." Nimeyafikiria kuliko kitu kingine chochote. Nahodha na Kiongozi wote ni Waswahili, lugha ni yao, hakuna aliyekosea sarufi. Kwa Nahodha, maji yaliyosimama ni maji yaliyomaliza safari na yanajiandaa kurudi. Alikuwa anatoa tahadhari. Kwa Kiongozi, maji yaliyosimama ni ziwa la asubuhi. Alipokea habari njema. Na kwa sababu kila mmoja alielewa, hakuna aliyeuliza. Lugha ngeni ingetulazimisha tuulizane. Nilipompigia Nahodha simu wiki chache baadaye, aliniambia kwamba jibu la "Alhamdulillah" lilimfunga mdomo: Kiongozi anaitwa Mwalimu, ameshukuru, basi anajua anachokifanya. Hapo simlaumu hata kidogo. Tulimkodi kuendesha mashua, na hatukumwambia popote kwamba ana haki ya kusema hapana.

Kuhusu mashua kubaki ghubani: kanuni ya "usiondoke ulipoahidi" ni nzuri pale maji yanapokaa. Kwenye mkondo, ahadi ya mashua ni kuwafuata watu. Mimi nililinda mahali badala ya watu kwa dakika 13, na kwa mkondo ule kila dakika iliongeza makumi ya mita.

Uzito ni kosa dogo lililozaa la kutengana. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya ziwa kwa kama asilimia 2.5. Mtu na vifaa vyake wakiwa na ujazo wa lita 95, wanahitaji karibu kilo 2.4 za risasi zaidi ya walizovaa Kigoma. Kijana aliongeza kilo 1 tu. Tulimpima juu ya maji, akazama vizuri, tukaridhika. Lakini tulimpima mtungi ukiwa umejaa. Mtungi wa lita 12 ukitumika kutoka baa 200 (baa ni kipimo cha shinikizo la hewa) hadi 50 unapoteza zaidi ya kilo 2 za hewa, na mzamiaji anazidi kuwa mwepesi wakati ule ule anaotakiwa kutulia mita 5. Kipimo halisi ni cha mwisho wa kuzamia, mtungi ukiwa karibu mtupu.

Yaliyofanya kazi yalikuwa ya kawaida sana. Jozi hazikuvunjika: Fundi angeweza kubaki mita 5 na kumaliza dakika zake, akachagua kumfuata mwenzake, na ninaamini uamuzi huo ulimwokoa Kijana. Kuangusha risasi mapema pia, maana watu wengi huzing'ang'ania kwa kuwa ni za kukodi. Filimbi ya plastiki. Tochi. Boya, ingawa lingepaswa kuwa moja kwa kila jozi.

Tulichobadilisha Kigoma

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunafanya zoezi la boya Katonga. Mzamiaji anakaa mita 5, anafungua kamba, analipuliza boya, analiachia, bila kupanda hata nusu mita. Ziwani hatulihitaji kwa kazi zetu, na wapo wanaoniuliza kwa nini tunapoteza hewa. Tunalifanya hata hivyo, mtungi ukiwa umebaki baa 50.

Kwenye daftari nimeongeza safu mbili: "kwa nini saa hii" na "ikipita saa hii tunaghairi". Safu ya pili inajazwa ufukweni, kabla mtu hajavaa vifaa, kwa sababu mtu akishavaa anataka kuzama. Na nahodha au mvuvi yeyote akituambia hali ya maji, anayepokea analazimika kuuliza swali moja: "Na baada ya hapo?" Tumeanza kulitumia hata hapa. Mwezi uliopita mzee mmoja wa Katonga alituambia upepo umelala. Dada akamuuliza na baada ya hapo. Mzee akatazama upande wa Kongo akasema, "Baada ya hapo mtanikuta nyumbani." Tulikunja vifaa, na kabla ya adhuhuri ziwa lilikuwa jeupe kwa povu.

Safari ya pili ya Mafia tumeipanga kwa siku za maji mafu, na Nahodha ni yule yule. Kijana ameandikisha jina lake, kisha akalifuta, kisha akaliandika tena kwa penseli. Sijamsemesha kuhusu hilo.